Chungwa la Fétiche: familia iliyokimbia na wanasesere wake

Jamani wenzetu, wiki hii tunawaletea historia ya sinema moja ya zamani, isiyo na rangi, yenye shetani na mifupa inayocheza dansi. Ukiitazama usiku na wadogo zako, kuna watakaojifunika blanketi. Inaitwa Fétiche, na wanaosema Kiingereza huiita The Mascot. Ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1933. Tumeichagua kwa sababu ni hadithi ya familia, na pia kwa sababu ya familia iliyoitengeneza, ambayo ilikuwa imekimbia nchi kama sisi.

Kwanza hadithi yenyewe. Mama mmoja maskini anashona wanasesere wa kuuza. Binti yake mgonjwa amelala kitandani, anaomba chungwa. Mama hana pesa. Analia, na chozi lake linadondoka ndani ya mbwa wa kitambaa anayemshona. Chozi lile linakuwa moyo, na mbwa anapata uhai. Anamsikia mtoto akiomba chungwa, lakini kabla hajafanya lolote anafungwa pamoja na wenzake, wanapelekwa kuuzwa. Njiani wenzake wanatoroka. Yeye anauzwa, ananing'inizwa ndani ya gari, kisha anajikuta peke yake barabarani mjini Paris, magari ya kweli yakipita pembeni yake. Chungwa analipata. Ila giza linamkuta nalo njiani, na shetani ameandaa karamu. Waalikwa ni takataka za mji: mifupa ya samaki, mifupa ya kuku, vitu vilivyovunjika na kutupwa, vyote vimeamka vinacheza. Mbwa anakimbizwa mpaka anafika nyumbani na chungwa lake.

Kwenye kikundi tulibishana sana juu ya yule mama. Wengine walisema ni mkatili: chozi lake ndilo lililompa mbwa moyo, halafu anakwenda kumuuza. Wengine walisema hajui kama yule mbwa yu hai, na asipouza wanasesere mtoto atakula nini? Sisi tunaona sinema haimlaumu, na ni vizuri. Haisemi pia kwamba alimtuma mbwa. Hakuna aliyemtuma! Alisikia tu. Wale tuliokulia kwenye nyumba za turubai tunalijua hilo, maana turubai haifichi kitu. Mama na baba wakinong'ona usiku kwamba mahindi yameisha kabla ya siku ya mgao, kifungua mimba anasikia yote. Asubuhi anaondoka kwenda mjini kutafuta kibarua, na hakuna aliyemwambia nenda. Na chungwa, kama mnavyojua, halimo kwenye mgao.

Sasa tuje kwa mtengenezaji. Alizaliwa Moscow mwaka 1882 na wazazi Wapolandi, wakati ambao Poland haikuwepo kwenye ramani kama nchi huru. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa zake Kaunas, mji ambao leo uko Lithuania. Muulize mtu kama huyo "wewe kwenu wapi?" uone atakavyohangaika kujibu. Hata jina lake lina sura nyingi: kwa Kipolandi ni Władysław Starewicz, Ufaransa akawa Ladislas Starewitch, na kwingine utakuta Starevich. Wale wenye majina yaliyoandikwa hivi kwenye kadi na vile kwenye cheti cha shule, mna mwenzenu.

Alipenda wadudu. Karibu na mwaka 1910 alitaka kupiga picha mbawakawa wenye pembe wakipigana, lakini chini ya taa kali hawakupigana. Basi akachukua waliokufa, akawaunga miguu kwa waya, akawasogeza kidogo, akapiga picha moja, akawasogeza tena, akapiga nyingine. Ndiyo kazi inayoitwa stopu-mosheni. Katika sinema yenye sauti, sekunde moja inakula picha 24, yaani dakika moja picha 1,440. Mwaka 1912 alitoa sinema ya mbawakawa wanaogombana kwa wivu wa ndoa, na inasimuliwa kwamba London kuna waandishi wa magazeti walioamini ni wadudu hai waliofundishwa.

Kisha yakaja mapinduzi ya Urusi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu wa sinema wa Moscow walishuka kusini mpaka Yalta, kwenye Bahari Nyeusi, naye akiwemo na mke wake Anna na mabinti wawili, Irène na Nina. Vita vikawafuata. Wakapitia Italia, na kufikia 1920 walikuwa Ufaransa. Huu ndio wakati ambao neno mkimbizi lilianza kuwa na ofisi yake duniani: mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimteua Fridtjof Nansen wa Norway kushughulikia wakimbizi wa Urusi, na 1922 ikaja hati ya safari inayobeba jina lake, kwa watu ambao nchi yao ilikuwa imewafutia uraia. Ndugu zetu wa mashirika, kazi yenu ina mizizi pale.

Mwaka 1924 familia ilikaa Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris, na nyumba yao ikawa studio. Anna alishona nguo za wanasesere. Nina, bado mtoto, aliigiza katika sinema kadhaa. Irène alikua akawa msaidizi wa baba, kisha mwenzake kabisa: waliandika pamoja na kuongoza pamoja. Sinema yao ndefu kuhusu mbweha mjanja ilipigwa picha miaka ya 1929 na 1930, ikakwama kwenye mambo ya sauti, ikaonyeshwa kwanza Berlin mwaka 1937.

Vitabu vingi humsifu baba kana kwamba alikuwa mchawi aliyejifungia peke yake. Hatukubali. Ukimtazama yule mama wa Fétiche na sindano yake, halafu ukakumbuka kwamba nyumbani kwa Starewicz mama alikuwa anashona nguo za wanasesere na binti anasogeza vidole vya vikaragosi siku nzima, unaona wametoa hadithi palepale walipokaa. Hawakuwa na kampuni kubwa. Walikuwa na meza, waya, ngozi laini za kutengenezea nyuso, na mikono ya watu wa nyumba moja. Wadogo zetu wanaotengeneza magari kwa waya na makopo ya mafuta ya mgao wangeelewana nao bila mkalimani.

Lakini swali la Irène limebaki kwetu. Alifanya kazi na baba yake tangu ujana mpaka mzee alipofariki mwaka 1965. Dada mmoja wa kikundi alisema: "Huyo ndiye mbwa, amepewa moyo na amepewa kazi siku hiyohiyo." Kaka mwingine akamjibu kwamba mtu anaweza kuipenda kazi ya kwao, si kila anayebaki nyumbani amefungwa. Tulikaa na hilo mpaka taa ya sola ikaisha. Kinachojulikana ni kwamba jina lake limo kwenye kazi hizo pamoja na la baba, na kwa mabinti wa zama zile hilo si dogo.

Sinema aliyokuwa akiitengeneza mzee mwaka ule ilibaki bila kumalizika. Kazi zilizobaki zimetunzwa na familia yenyewe, mpaka kwa mjukuu. Mwaka 2001 Terry Gilliam, naye mtengenezaji sinema, aliiweka Fétiche kati ya sinema kumi bora za vikaragosi na katuni za wakati wote. Toleo linalopatikana zaidi lina kama dakika 26, halili data nyingi. Mkiitazama, angalieni macho ya mbwa pale anaposikia neno chungwa, kisha mtuandikie hapa chini: yule mama alikosea au hakukosea?