Historia ya Wadi ya Sarang'ombe

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi akafuata barabara ya Ngong, kisha akashuka upande wa Kibera, huvuka mpaka ambao macho hayauoni. Hapana ua wala jiwe la kuuonyesha. Upande mmoja aona Olympic yenye nyumba za mawe zilizopangwa safu. Hatua chache mbele yake aona Gatwekera, na mabati yake yaliyobanana hata jua halipati njia. Wenyeji wa pande hizi mbili hawafanani sana kwa maisha yao. Walakini siku ya uchaguzi wote ni wapiga kura wa wadi moja, nayo ni Sarang'ombe, ambayo wengine huiandika Serang'ombe, na mtu mmoja tu huwasemea katika Bunge la Kaunti ya Nairobi. Mstari huo uliowakusanya pamoja ulichukua muda mrefu kupatikana.

Yatupasa kuanza na ardhi. Kibra ni neno la Wanubi, na maana yake ni msitu. Wanubi hao ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, nao walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 Serikali ya kikoloni iliitangaza Kibra kuwa ardhi ya jeshi, eneo la ekari 4,197. Mwaka 1928 usimamizi wake uliondolewa mikononi mwa jeshi na kupewa maofisa wa kiraia. Kisha Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, ikasema kwamba Wanubi walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, ambao wangeweza kuondolewa Serikali ipendapo. Basi askari aliyepigana vita vya Mwingereza alijikuta mgeni katika shamba alilolifyeka kwa mikono yake. Watu wa makabila mengine walipohamia hapo kutafuta kazi mjini, nao waliingia katika hali ile ile ya kukaa bila hati.

Asiye na hati ya kiwanja, je, alikuwa na kura? Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957. Kura haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake au utumishi wake, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura 3. Waafrika wa Nairobi walikuwa na kiti kimoja, nacho kilichukuliwa na Tom Mboya. Kibarua wa Kibera asiye na kisomo wala mali alitazama tu.

Katiba ya Majimbo ya mwaka 1963 iliigawa Kenya katika majimbo 7, na kila jimbo likawa na baraza lake la kutunga sheria. Wanafunzi wangu hushangaa wasikiapo kwamba Nairobi haikuwa jimbo. Iliitwa Eneo la Nairobi, ikaachwa nje ya mpango ule. Majimbo yenyewe hayakudumu, kwa maana nguvu zake ziliondolewa Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Watu wa Nairobi walibaki na madiwani wa Halmashauri ya Jiji, na hao pia walikuja kukosekana. Mwaka 1983 Serikali iliivunja Halmashauri na kuweka tume iliyoteuliwa, nayo ikalitawala jiji mpaka uchaguzi wa 1992. Kwa muda wa miaka 9 hivi mama wa Gatwekera, mfereji wake ukikauka, hakuwa na diwani wa kumlilia.

Alikuwa na Mbunge, ni kweli. Kibera ilikuwa sehemu ya Lang'ata, pamoja na Karen yenye majumba katikati ya bustani kubwa. Wakaazi wa Karen na wa Kibera walipanga foleni kumchagua mtu mmoja: Mwangi Mathai mwaka 1974, Philip Leakey mwaka 1979, na Raila Odinga tangu 1992 hata 2013. Mimi sioni kwamba mtu yeyote, hata awe hodari namna gani, aweza kuzisemea shida za pande hizo mbili kwa sauti moja.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyoleta kaunti 47, kila moja na Bunge lake. Mwezi Machi 2012 Tume ya Uchaguzi na Mipaka iliongeza maeneo ya Bunge la Taifa kutoka 210 hata 290. Lang'ata ikagawanywa, na Kibra ikasimama peke yake na wadi zake 5: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe. Nairobi nzima ilipata wadi 85.

Kazi hiyo ilitegemea hesabu ya watu ya mwaka 2009, na hapo palikuwa na mabishano. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi; wenye kuhesabu waliona 170,070. Wako waliokasirika, maana idadi ya watu ndiyo inayoamua wingi wa viti. Mimi naona faida nyingine: watu ambao kwa muda mrefu walitajwa kwa kukisia tu sasa walikuwa wamehesabiwa nyumba kwa nyumba, na kutokana na hesabu hiyo wakapewa mjumbe.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa tarehe 4 Machi 2013. Bunge la Kaunti hutunga sheria juu ya takataka, masoko, zahanati, shule za watoto wadogo na barabara ndogo, nalo hupitisha bajeti ya Gavana. Mwakilishi wa Sarang'ombe aweza kusimama humo akadai taa ya njiani au mtaro wa maji machafu. Hati ya ardhi haimo katika uwezo wake. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288, kati ya zile 4,197 za zamani. Wengi wa wakaazi wengine wangali hawana. Hupigia kura juu ya ardhi ambayo hawawezi kuiita yao.

Katiba yataka mipaka ichunguzwe upya kila baada ya miaka 8 mpaka 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na wakati huo Tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025, na mstari wa Sarang'ombe ukawa bado ni ule ule uliochorwa mwaka 2012.