Jicho la Rangi Nyeusi

Gari likiletwa hapa kwetu Mhunze, wilayani Kishapu, watu hulizunguka kwanza. Boneti hufunguliwa baadaye. Wanainama, wanatazama mlango kwa upande, wanapitisha kiganja juu ya fenda. Likiwa jeusi wanakaa zaidi. Mimi ni fundi rangi, na nimeona vijana wakidhani ukaguzi huu tumeurithi kwa mababu. Sivyo.

Magari ambayo wazee wetu waliyajua vizuri yalikuwa malori: ya kusomba pamba, na yale ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Lori lilipimwa kwa chesi, springi na injini. Rangi kazi yake ilikuwa kuzuia kutu, na ikichakaa ilipakwa tena kwa brashi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, "Lori unalipenda mgongo, mwanangu, si ngozi."

Miaka ya sabini gari jipya lilitafutwa kwa kibali, na aliyelipata hakuuliza rangi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Pikapu zikaanza kuonekana. Ruksa ya biashara ya Rais Mwinyi ikaja, na baada yake magari yaliyotumika Japani, nchi ambayo nayo huendesha kushoto. Migodi mikubwa ya dhahabu ikafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2002 ikaanzishwa Wilaya ya Kishapu, na makao yake makuu yakawa hapa Mhunze. Wakaja watumishi, na mikopo ya mishahara ikaja nao. Hapo ndipo gari dogo likawa kitu cha mtu wa kawaida kukitamani, na jeusi likawa la heshima, la kutangulia kwenye msafara wa harusi.

Kwenye kiwanda cha Ford, Marekani, sababu ya kupenda nyeusi ilikuwa tofauti: kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kiwandani nyeusi tu, kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa ya bei nafuu na ya kudumu. Sisi tumeipenda nyeusi kwa mng'ao wake, na mng'ao huo ndio unaotoa siri zote nje.

Tazama mlango asubuhi, jua likiwa bado chini. Simama pembeni, utafute kivuli cha nguzo ya umeme ndani ya rangi. Nguzo ikipita imenyooka, bati liko salama. Ikijikunja katikati, chini yake kuna puti, ile ya kujazia mabonyeo. Weka sumaku ndogo: penye puti nene haishiki. Ila usimhukumu mtu kwa sumaku peke yake, maana bampa ni plastiki, na baadhi ya Subaru zina boneti ya alumini. Kisha tazama vichwa vya bolti za fenda. Rangi iliyobanduka kwenye kona za bolti inaonyesha spana imepita hapo.

Toyota nyeusi nazo si za aina moja. Namba ya rangi 202 ni nyeusi tupu. 209 ina chembe za maika zinazometa juani. Namba imeandikwa kwenye kibati cha gari. Nimeona gari la 209 ambalo mlango mmoja ulipigwa 202. Usiku huwezi kujua. Saa nne asubuhi milango mitatu inameta, wa nne umekaa kimya.

Kule Japani, gari linalopita mnadani huandikiwa karatasi yenye mchoro wake. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kurudiwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi hiyo ndiyo historia ya gari, na inaniuma kwamba mara nyingi haimfikii mnunuzi. Anapokea gari lililopakwa nta kwa mashine, na mikwaruzo inarudi likishaoshwa kwa sabuni.

Halafu sisi wenyewe tunaongeza yetu. Barabara za vumbi za huku kwetu zinarusha kokoto kwenye sehemu za chini za milango, na mtu akifika anafuta vumbi kavu kwa kitambaa. Tafadhalini, mwagieni maji kwanza! Kila chembe ya mchanga inachora mstari, na juu ya rangi nyeusi mstari ule unaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Sisemi gari lililorudiwa rangi ni baya. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Kibaya ni kuficha jambo hilo na kuliuza gari kwa bei ya lenye rangi ya kiwandani. Mwalimu mmoja aliniita nikague gari jeusi alilokuwa akilinunua kabla hajamaliza kulipa. Bolti za fenda ya kushoto zilikuwa zimeguswa, na mlango wa nyuma ulikunja nguzo. Muuzaji alipoonyeshwa, alipunguza bei. Mwalimu amelichukua, na mlango ule nitaunyoosha upya akishauza pamba.