Michezo ya kukusanya viumbe: jinsi ngazi zinavyopima ugumu

Mpandaji anayeanzia Nyakalengija, wilayani Kasese, hafiki kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109 kwa siku moja. Hulala kambi baada ya kambi ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kanuni kama hiyo huongoza michezo ya video ya kukusanya viumbe: njia mpya hufunguka kadiri kikosi cha mchezaji kinavyopata nguvu. Tofauti ni kwamba mwinuko wa mchezo hupangwa na binadamu, na aliyeupanga anaweza pia kuuza njia ya mkato.

Ngazi huhesabiwaje?

Mfano mashuhuri ni Pokémon, uliobuniwa na Satoshi Tajiri na kutolewa nchini Japani mwezi Februari 1996. Mchezaji huanza na kiumbe mmoja wa ngazi ya 5, hukamata wengine porini, na huweza kutembea na sita kwa wakati mmoja. Ngazi ya juu kabisa ni 100. Kila ushindi huleta pointi za uzoefu. Zikitimia, kiumbe hupanda ngazi.

Gharama ya kupanda haibaki ile ile. Pikachu huhitaji jumla ya pointi 1,000 kufika ngazi ya 10, pointi 8,000 kufika ya 20, na 1,000,000 kufika ya 100. Ngazi ikiongezeka maradufu, pointi huongezeka mara nane. Ndiyo maana mwanzo huwa mwepesi na mwisho mzito.

Mizani ya ugumu

Ngazi peke yake haiamui ushindi. Katika mchezo wa awali, kiongozi wa kwanza, Brock, hutumia viumbe wa mwamba, na mwenye nguvu zaidi ni wa ngazi ya 14. Mchezaji aliyechagua kiumbe wa maji au wa majani humshinda kwa urahisi. Aliyechagua wa moto hutaabika. Huyu wa mwisho ana njia mbili: kurudia mapambano na wanyonge hadi kiumbe wake apande ngazi, au kutafuta kiumbe mwingine anayefaa. Njia ya kwanza hudai muda. Ya pili hudai fikra.

Watengenezaji wamebadilisha mizani hiyo mara kadhaa. Matoleo ya mwaka 2010 yalipunguza pointi kwa anayewapiga wanyonge. Yale ya 2013 yaliwezesha kikosi kizima kugawana uzoefu, na mwaka 2019 ugawanaji huo haukuweza tena kuzimwa. Baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba safari imekuwa rahisi kupita kiasi.

Mzazi azingatie nini?

Kwa familia za Kasese na Bwera ambako simu moja huweza kutumiwa na wengi, suala hili linagusa mfuko. Michezo mingi ya simu hupakuliwa bure, kisha huuza vifaa ndani yake. Pokémon GO ya mwaka 2016 ni mojawapo. Mtoto akisema amekwama, mzazi aulize: je, anaweza kuvuka kwa kubadilisha kikosi au kwa subira, au amebakiwa na kulipa tu? Ni vyema pia ununuzi katika simu ulindwe kwa nywila asiyoijua mtoto.