Vumbi la unga huwaletea waokaji mikate pumu

UNGA wa ngano huliwa na wengi bila madhara yoyote. Hata hivyo, unapopeperuka hewani na kuvutwa puani siku nenda siku rudi, unaweza kumwachia mwokaji mikate pumu ya maisha.

Maradhi haya si mapya. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyechapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi mwaka wa 1700, aliwataja waokaji na wasagaji nafaka miongoni mwa wanaodhuriwa na vumbi la kazi yao.

Chanzo chake ni mzio. Kinga ya mwili huzichukulia protini za ngano kuwa adui na kuanza kupambana nazo. Vivyo hivyo kwa alfa-amilesi, kimeng'enya kitokanacho na kuvu ambacho huongezwa ungani ili kuboresha mkate. Hali hii huweza kuchukua miezi au hata miaka kujitokeza. Ikishatokea, vumbi kidogo tu latosha kumsumbua mhusika.

Dalili za kwanza huwa chafya, makamasi na macho kuwasha. Baadaye hufuata kikohozi, kifua kubana na pumzi kutoa mlio. Ishara kuu ni kwamba dalili hupungua wakati wa likizo na kurejea mhusika arudipo kazini. Kwa baadhi ya watu kifua hubana usiku, saa kadhaa baada ya zamu, hivyo wasishuku kazi yao. Wakitibiwa mafua tu huku wakiendelea kuvuta vumbi, pumu huzidi kukita mizizi. Anayegunduliwa mapema na kuepushwa na vumbi ana nafuu kubwa kuliko anayechelewa.

Vumbi hutimka zaidi wakati wa kumwaga magunia, kuchekecha unga, kuwasha mashine ya kukandia na kufagia. Kwa hivyo, gunia lifunguliwe na kumwagwa polepole, mdomo wake ukiwa karibu na chombo. Mashine ifunikwe na kuanzishwa kwa mwendo wa chini. Meza ipakwe mafuta badala ya kurushiwa unga pale inapowezekana. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu, bali vumbi lifyonzwe kwa mashine ifaayo au kupanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Bora zaidi ni kuweka kifaa cha kuvuta hewa papo hapo vumbi linapotokea. Pangaboi hulisambaza tu chumbani. Barakoa huja mwisho, na sharti iwe ya kuzuia vumbi laini na ikae usoni bila mwanya.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo, inatambua pia maradhi yatokanayo na kazi.

Mfanyakazi mwenye dalili hizi anashauriwa kuandika siku na saa zinapomjia, kisha amweleze daktari kazi aifanyayo. Dawa ya kuvuta hutuliza kifua, lakini haiondoi unga hewani.