Kununuliana soda: Kwa nini tangazo halitafsiriki neno kwa neno

MATANGAZO ya soda yana ajabu yake. Bidhaa yenyewe ni maji, sukari, gesi na kionjo. Haina mengi ya kuelezwa. Anayeuza trekta atakutajia nguvu za injini, na anayeuza sabuni atakuonyesha shati lililotakata. Anayeuza soda aseme nini? Kwamba ni tamu? Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ndiyo maana, kuliko wafanyabiashara wengi, mwuza soda huitegemea lugha.

Kwa sababu hiyo mimi hupenda kuyachunguza matangazo ya soda kama mwanaisimu anavyochunguza methali. Leo nimechagua matatu ya runinga kutoka Marekani, yote yakiwa yametungwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na 1979. Nimekwenda Marekani kwa kuwa huko ndiko mtindo huu ulikokomaa, na kwa kuwa baadhi ya matangazo yetu hadi leo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mtu fulani anaambiwa, "Hebu tutafsirie haraka." Hoja yangu ni kwamba tangazo hukumbukwa linapoegemea jambo ambalo watu tayari hulitenda kwa maneno: kujitenga, kukaribisha, kukataa, kushukuru. Anayehamisha maneno na kuliacha tendo nyuma huwa amebeba chupa tupu.

Kiambishi kilichouza soda

Soda ya 7Up ilibuniwa na Charles Leiper Grigg mjini St. Louis mwaka wa 1929. Ladha yake ni ya limau na ndimu. Shida yake ilikuwa kwamba Mmarekani wa kawaida alipofikiria soda, alifikiria kola, yaani Coca-Cola na Pepsi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ofisi ya Chicago ya kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson ilikuja na dawa ya neno moja tu: Uncola.

Tulitazame neno hilo kimofolojia. Kiambishi un- cha Kiingereza kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa vivumishi, kama unhappy, au vitenzi, kama untie. Kukibandika kwenye nomino, tena nomino inayotaja kinywaji, ni kwenda kinyume na mazoea. Sikio linashtuka, halafu linatabasamu. Isitoshe, neno hilo liliingia wakati vijana wa Marekani walikuwa wakiyakataa mengi ya wazee wao, ikiwemo vita vya Vietnam. Kunywa kisichokuwa kola kukawa namna nyepesi ya kusema, "Mimi simo."

Katika miaka ya 1970 neno hilo lilipata mtu wa kulibeba kwenye runinga. Geoffrey Holder, mzaliwa wa Trinidad, mcheza densi na mwigizaji mwenye sauti nzito kama ngoma, alisimama mbele ya kamera amevaa suti nyeupe na kofia. Akaonyesha mbegu za kola, kisha akaonyesha limau na ndimu na kuziita mbegu za "uncola." Halafu akaangua kile kicheko chake kirefu. Watazamaji wa enzi hiyo wanakikumbuka hadi leo.

Sasa hebu jaribu kulitia neno hilo katika Kiswahili. "Isiyo kola" ni kirai kinachosubiri nomino. "Si kola" ni sentensi kamili, tena kavu. Ukanushi wetu hukaa zaidi katika kitenzi, nasi hatuna kiambishi cha kubandika kwenye nomino ili kuikana. Kwa hiyo utani unakufa mlangoni. Lakini je, Mkenya hana namna ya kujitenga na kundi? Anayo tele. Nenda mtaani utamsikia mtu akisema, "Hiyo ni yenu." Mtunzi aliyetaka kuleta tangazo lile hapa angeanzia kwenye kauli kama hiyo, akaachana kabisa na kile kiambishi.

Kabla ya kuiacha kola, nikumbushe kwamba neno lenyewe ni la Kiafrika, limetoka katika lugha za Afrika Magharibi. Waliomsoma Chinua Achebe watakumbuka kwamba katika sura ya kwanza kabisa ya Things Fall Apart, Okoye anapomtembelea Unoka, mwenyeji humtolea mgeni kola kabla ya mazungumzo yoyote. Miongoni mwa Waigbo, kumtolea mgeni kola ni kumwambia karibu. John Pemberton wa Atlanta alipotengeneza kinywaji chake mwaka wa 1886, na mhasibu wake Frank Robinson akakipa jina la Coca-Cola, sidhani walikuwa wakiuwazia ukarimu wa Waigbo. Hata hivyo, tangazo mashuhuri zaidi la kinywaji hicho lilikuja kusimama juu ya tendo hilohilo la kumkaribisha mtu.

Ukungu wa Shannon

Januari 1971, Bill Backer, mtunzi wa matangazo wa kampuni ya McCann Erickson, alikuwa akisafiri kwenda London. Ukungu ulilazimisha ndege yao kutua Shannon, Ireland. Abiria walikasirika. Siku iliyofuata, wakiwa bado wanasubiri, Backer aliwaona baadhi ya waliokuwa wakali jana yake wakipiga soga na kucheka mkahawani, chupa za Coke mkononi. Alichokiona hapo kilikuwa kisingizio cha watu wasiojuana kukaa pamoja. Akaliandika wazo lake kwenye karatasi ya kupangusia mikono.

Huko London alikutana na Billy Davis, Roger Cook na Roger Greenaway, wakatunga wimbo ambao kundi la The New Seekers liliurekodi. Ulianza kusikika redioni Februari, na baadhi ya wenye viwanda vya kujaza soda hawakuupenda. Waliposhawishika kutengeneza filamu ya runinga, mambo hayakwenda vizuri. Walipanga kupigia picha kwenye miamba ya Dover, Uingereza, mvua ikawafukuza. Wakahamia Italia, karibu na Roma, mvua ikawafuata huko pia. Gharama ikafika takriban dola 250,000, kiasi kikubwa mno kwa tangazo la wakati huo.

Tangazo lilionyeshwa Marekani kuanzia Julai 1971. Vijana wa mataifa mbalimbali wamesimama kwenye kilima, wameshika chupa, wanaimba. Kufikia Novemba, kampuni na wenye viwanda walikuwa wamepokea barua zaidi ya 100,000 za watu waliolipenda. Wimbo ukaondolewa jina la soda, ukauzwa kama wimbo wa kawaida kwa jina la I'd Like to Teach the World to Sing, na dola 80,000 za kwanza za mrabaha zikapewa UNICEF.

Siri yake ilikuwa nini? J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, katika kitabu chake cha 1962 alitufundisha kwamba kusema ni kutenda: tunaposema tunaahidi, tunaalika, tunaomba radhi. Wataalamu wetu huviita vitendo uneni. Wimbo ule haumwambii mtazamaji, "Nunua." Mwimbaji ndiye anayetamani kuinunulia dunia nzima kinywaji. Mnunuzi amegeuzwa mgeni, na mwuzaji amevaa joho la mwenyeji. Kwa watu waliochoshwa na habari za vita, mwaliko huo ulikuwa mtamu kuliko soda yenyewe.

Nina malalamiko yangu kidogo, na ni ya kilugha. Chupa walizoshika vijana wale zilikuwa na maandishi ya lugha mbalimbali. Midomo iliyozishika, hata hivyo, iliimba kwa Kiingereza peke yake. Dunia ilialikwa kilimani kwa sharti la kuacha lugha zake kwenye kibandiko cha chupa. Sisi tunaotetea lugha za Kiafrika tunaijua picha hiyo vizuri. Ni ile ya kongamano lenye mabango ya "Karibuni" mlangoni, kisha ukiingia ndani hakuna neno jingine la Kiswahili hadi jioni.

Joe na kijana

Tangazo la tatu lilianza kuonyeshwa Oktoba 1979. Joe Greene, mchezaji Mweusi wa kandanda ya Kimarekani katika timu ya Pittsburgh Steelers, aliyepewa lakabu ya "Mean," yaani mkali asiye na huruma, anachechemea akitoka uwanjani. Mtoto Mzungu anamwita, anamuuliza kama anahitaji msaada. Anakataa. Mtoto anamsifu, kisha anampa Coke yake. Anakataa tena, mtoto anasisitiza, anaipokea na kuigida yote. Mtoto anageuka kwenda zake, mnyonge. Hapo Joe anamwita na kumrushia jezi yake. Baadaye Greene alisimulia kwamba wakati wa kupiga picha alikunywa chupa 18 kwa siku tatu, maana kila mara alipojaribu kusema maneno yake alicheua.

Sikiliza jinsi mazungumzo yale yalivyopangwa: salamu, ombi la kusaidia, kukataa, sifa, zawadi, kukataa, kusisitiza, kupokea, kimya, kuitwa, zawadi ya kurudisha, shukrani. Kila utamaduni ninaoujua una ngazi hizo. Kwetu pia mgeni muungwana hukataa kwanza: "La, usijisumbue." Mwenyeji naye husisitiza: "Aa, hata soda moja tu!" Asiposisitiza, atasemwa.

Kampuni ilipotaka kulipeleka tangazo hilo nchi nyingine, haikumchukua Joe Greene na kumtilia sauti ya Kireno. Brazil walimweka Zico, Argentina wakamweka Maradona, na Thailand wakamweka mwanasoka wao Niwat Srisawat. Mchezo ukawa soka, lugha ikawa ya nyumbani, ngazi za mazungumzo zikabaki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tafsiri hasa. Kilimani, dunia iliimba lugha moja. Huku kwa Joe, kisa kimoja kilijifunza lugha kadhaa.

Soda ya Mkenya

Turudi nyumbani. Runinga ilianza kuonyesha nchini mwaka wa 1962, na hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990 tulikuwa na stesheni moja tu. Muda wote huo neno soda lilikuwa likikua katika vinywa vyetu bila kungoja tangazo. Mgeni anapoingia huulizwa, "Unakunywa soda gani?" na mtoto hutumwa dukani mbio. Muuza duka naye huuliza, "Baridi ama moto?" ambapo soda moto si iliyochemshwa, ni ile tu ambayo haikutiwa kwenye friji. Halafu kuna tafsida: "Niachie hata ya soda." Hapo msemaji wala hana kiu, anaomba pesa. Akiwa amevaa sare za kazi, huenda ni hongo anayoomba.

Sasa chukua lile wazo la Backer, mtu kuinunulia dunia soda, ulitafsiri kama lilivyo. Nusu ya wasikilizaji wa Nairobi watauliza, "Kwani anataka apitishiwe nini?" Maneno yamevuka bahari salama, tendo limegeuka njiani.

Lakini ipo mifano ya waliofaulu. Kinywaji kinachoitwa ginger beer kwa Kiingereza kilikuja kwetu kikiitwa Stoney Tangawizi. Kimezaliwa upya kwa neno la jikoni na la chai ya jioni. Nadhani aliyeamua hivyo alikuwa na busara, kwa maana tafsiri ya moja kwa moja ingetupa "bia ya tangawizi." Na bia kwetu ni kileo. Ni mama gani wa Lamu, au shemasi gani wa Kisii, angemtuma mtoto dukani akalete kreti ya bia kwa ajili ya wageni?

Kwa watunzi wa matangazo, ombi langu ni dogo. Msilete Kiswahili mezani mwishoni, wakati picha zimeshapigwa na wimbo umesharekodiwa. Mleteni mwanzoni mtu anayeijua lugha, mumuulize: hapa kwetu mtu akitaka kukaribisha husema nini? Akitaka kukataa kwa heshima je? Mkipata jibu, andikeni kutoka hapo.

Kwa walimu na wazazi, lipo jambo zito zaidi. Watoto wetu husikia matangazo mengi kuliko mashairi. Tangazo stadi laweza kumfanya mtoto aione sukari kuwa ndiyo upendo, na chupa kuwa ndiyo urafiki. Kumkataza kutazama hakusaidii sana. Kumfundisha kusikiliza kunasaidia. Mwalimu anayefundisha pragmatiki au isimujamii anaweza kuanza Jumatatu hii: awape wanafunzi tangazo moja la soda, awaulize ni nani anayesema, anatenda nini kwa maneno hayo, na nani atalipa bili. Mwanafunzi atakayelijibu vizuri lile swali la tatu ameshaelewa pragmatiki, na huenda siku hiyo akanywa maji.