Ugonjwa Ulioitwa Adimu

Leo mkazi wa Ntimaru, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, akichomwa kidole, tone moja la damu linatosha kueleza kiwango chake cha sukari. Madaktari wa zamani wa Afrika Mashariki walichemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu iitwayo Benedict. Ikigeuka rangi ya tofali, walijua ni kisukari.

Kipimo hicho kilichelewa mno. Mtu akinywa uji wa wimbi, sukari hupanda kwenye damu, kongosho hutoa insulini, misuli huipokea sukari hiyo na ini huacha kutoa akiba yake. Baada ya saa chache mambo hutulia. Katika kisukari cha watu wazima, misuli na ini hupunguza kuitikia insulini. Kongosho huongeza juhudi miaka mingi hadi lizidiwe. Hapo ini humwaga sukari usiku kucha ilhali mwenyewe amelala bila kula. Hata hivyo figo huirudisha sukari mwilini mpaka ifike takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, ndipo iingie kwenye mkojo. Muda wote huo dawa ya Benedict hubaki buluu.

Kwa watoto kisukari huanza ghafla zaidi: kinga ya mwili huangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwamba kongosho ndilo chanzo ilijulikana 1889, Minkowski na von Mering walipomwondolea mbwa kongosho huko Strasbourg. Insulini yenyewe ilidungwa mgonjwa mara ya kwanza Januari 1922, Toronto, kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14.

Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifika Kenya 1929, baadaye akafanya kazi Uganda. Aliona kisukari ni adimu kwa Waafrika, kisha akashuhudia kikiongezeka. Alikuwa makini, na naamini kwa sehemu kubwa aliona sawa: watu walikula nafaka zisizokobolewa na kulima kwa jembe. Lakini mtoto mwenye kisukari aliyehema kwa kasi na kupoteza fahamu aliweza kuzikwa ikidhaniwa ni malaria, asihesabiwe popote.

Mwaka 1989 Donald McLarty wa hospitali ya Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, kwa kuwanywesha glukosi kisha kupima damu. Wenye kisukari walikuwa takriban 1 kati ya 100. Kinachonigusa ni kundi la pili: karibu 8 kati ya 100 walikuwa wameanza kushindwa kudhibiti sukari, na kipimo cha mkojo kisingewagundua wengi wao.

Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu watu 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari. Ndiyo maana natamani anayekwenda hospitali ya Ntimaru kwa presha, macho au kidonda kisichopona asirudi nyumbani kabla ya kuchomwa kidole.