Mkupuo wa uchapaji na uadimu wa vitu vya zamani

Mkupuo wa uchapaji ni jumla ya nakala zinazotoka mtamboni katika kazi moja, kabla mtambo haujapangwa upya kwa kazi nyingine. Wengi huuita "toleo", lakini toleo moja laweza kuwa na mikupuo mitatu: kitabu kikiisha dukani hurudishwa mtamboni bila kubadilishwa hata neno. "Idadi ya nakala" nayo hufaa, ila haituambii kama zilitoka pamoja au kwa vipindi.

Kwa wakusanyaji wa stempu, noti na kadi, tofauti hiyo ni fedha. Mfano uko kwenye mpaka wa Tanzania na majirani zake wa kusini, Malawi (zamani Nyasaland) na Zambia (zamani Rhodesia ya Kaskazini). Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kupitia nchi ambayo leo ni Songwe na jirani zake. Mwaka huohuo stempu za Nyasaland zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano zilipigwa herufi N.F. kwa ajili ya jeshi hilo. Thamani zilikuwa tano: nusu peni, peni moja, tatu, nne, na shilingi moja.

Hapo kuna mikupuo miwili. Wa kwanza ulifanywa na De La Rue, London, kwa matumizi ya koloni zima. Wa pili, wa kupiga herufi, uligusa sehemu tu ya stempu hizo, na ndio unaohesabiwa. Ndiyo maana mghushi hahangaiki kuchapa stempu. Hutafuta ya kawaida, akaipiga N.F. ya bandia.

Hata hivyo, mkupuo huweka kikomo cha juu tu. Zilizobaki ni hesabu nyingine. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Marekani ilichapa kadi za wachezaji wa besiboli. Fungu la mwisho, lenye kadi ya Mickey Mantle, lilitoka msimu ukielekea ukingoni, likadoda. Mnamo 1960 hivi, maboksi yaliyobaki yalitupwa baharini. Agosti 2022 kadi moja ya Mantle iliuzwa dola milioni 12.6. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilipata bahati tofauti: zilichapwa kwa wingi mno, na wanunuzi wakazihifadhi vizuri wakitarajia utajiri. Nyingi hazina bei hadi leo.

Wabadilisha fedha wa Tunduma, mji wa mpaka huohuo, walishuhudia tofauti hiyo ya mkupuo na zinazobaki Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye kwacha, tarehe 1 Januari 2013. Noti za zamani ziliondolewa kwenye mzunguko. Mkupuo wake ulikuwa mkubwa, lakini mkusanyaji wa kesho atazihesabu zile ambazo hazikurudi benki, tena zisizochakaa.

Hivyo tusichanganye uhaba na uadimu. Uhaba wa chenji sokoni huisha benki ikileta noti nyingine. Uadimu hauishi hivyo, kwa sababu mkupuo umekwisha fungwa na kila nakala inayoungua au kuliwa na mchwa hupunguza hesabu. Bado bei hungoja wanaoitafuta: kipeperushi cha mkutano kilichochapwa nakala 50 chaweza kuwa adimu na kisipate mnunuzi. Muuzaji akikutajia mkupuo peke yake, muulize zimebaki ngapi, na nani anazitaka.